Valvu za kudhibiti joto na ubaridi

Valvu ya kudhibiti hurekebisha kiasi cha maji ya moto au ya baridi yanayopita kwenye bomba, ili chumba kipate joto au ubaridi unaotakiwa. Koki ya kawaida hufunguliwa au hufungwa. Valvu hii hushinda katikati, ikisogezwa kidogo kidogo na mota au themostati.

Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa chuo huko Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya themostati ya umeme. Alikuwa amechoshwa na mhudumu aliyeingia darasani kila mara kuangalia joto. Nusu karne baadaye, 1933, Mads Clausen alianzisha nyumbani kwao katika kisiwa cha Als, Denmark, kampuni ambayo leo ni Danfoss. Mwaka 1943 alipata hataza ya valvu ya radieta inayojiendesha yenyewe bila umeme.

Makosa mengi huanzia dukani. Fundi hupima bomba, akaagiza valvu ya kipenyo hichohicho, na hapo ndipo mambo huharibika. Valvu huchaguliwa kwa Kv, yaani mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja pale presha inaposhuka kwa bar 1 kati ya kuingia na kutoka. Kv ya valvu iliyofunguliwa yote huitwa Kvs.

Chukua koili ya kupoza ya kilowati 60, ambayo maji huiingia yakiwa nyuzi 6 na kutoka yakiwa nyuzi 12. Zidisha 60 kwa 0.86, gawa kwa tofauti ya joto, yaani 6: yanahitajika mita za ujazo 8.6 kwa saa, na bomba la milimita 50 linayabeba bila taabu. Tuseme koili na mabomba yake hupoteza bar 0.3, nasi tunataka valvu nayo ipoteze kiasi hicho. Gawa 8.6 kwa kipeuo cha pili cha 0.3, upate karibu 15.7. Ukubwa wa kiwandani ulio karibu ni Kvs 16, ambao kwa kawaida hupatikana kwenye valvu ya milimita 32.

Je, fundi akiweka valvu ya milimita 50, yenye Kvs 40? Itapoteza bar 0.05 tu, takriban asilimia 13 ya presha yote inayopotea kwenye koili, mabomba yake na valvu. Sehemu hiyo huitwa mamlaka ya valvu, na wahandisi hupenda ifike nusu, au angalau robo. Valvu isiyo na mamlaka ikifunguka kidogo tu, karibu maji yote hupita. Chumba kinakuwa baridi kupita kiasi, inafunga, chumba kinapata joto, inafungua tena, na mota haitulii kutwa. Mteja hulalamikia kiyoyozi, ilhali kiyoyozi hakina kosa.

Kuna valvu za kisasa zinazorekebisha tofauti ya presha zenyewe, na kwa hizo hesabu ya mamlaka haina haja. Bei yake ni kubwa, nazo hazifanyi kazi presha ikiwa chini ya kiwango alichoandika mtengenezaji.

Kabla ya kufunga valvu, mabomba yasafishwe kwa maji, kwani vipande vya kulehemu vikikwama kwenye kiti chake, pale kizibo kinapokaa, haitafunga sawasawa tena. Chujio huwekwa upande ambako maji huingia, na koki pande zote mbili ili valvu iweze kutolewa bila kumwaga maji ya jengo zima. Mshale ulio kwenye mwili wa valvu ufuatwe: kwenye valvu nyingi za kiti, maji yakipita kinyume, kizibo huvutwa ghafla kinapokaribia kufunga na bomba hugonga. Mota isining'inie chini ya valvu. Valvu yenye maji baridi hutoa jasho, na katika unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam jasho hilo huingia kwenye waya.

Matunzo si mengi: kusafisha chujio, kuangalia kama maji yanavuja kwenye shina, kuifungua na kuifunga yote mara chache kwa mwaka. Valvu za radieta zikikaa zimefungwa majira yote ya kiangazi, pini hunata. Toa kichwa cha themostati, ibonyeze pini taratibu mpaka irudi yenyewe. Usiivute kwa koleo. Ikichomoka, maji yatamwagika sakafuni.