Windows XP ilikufa lini? Hesabu ya mtu wa mkono wa pili

Vijana wenzangu wa Nkoma, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee historia ya mfumo ambao kaka na dada zetu wengi walijifunzia kompyuta: Windows XP.

XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Hiyo ni zaidi ya miaka 12, na tuseme ukweli, ni mingi. Kila tundu likionekana kwenye mfumo, mafundi wanalitafutia kiraka, wanakijaribu, halafu wanakituma dunia nzima. Hiyo kazi ina gharama. Hakuna anayeweza kudai mfumo uhudumiwe milele.

Swali langu ni moja: miaka ihesabiwe kuanzia wapi? Ukihesabu tangu XP ilipotoka, utasema Microsoft walikuwa wakarimu. Lakini kompyuta ndogo za bei nafuu ziliendelea kuuzwa na XP ndani yake mpaka Oktoba 2010. Aliyenunua mwisho alipata miaka mitatu na nusu tu. Na aliyeipata baadaye, ikiwa imeshatumika na mtu mwingine? Huyo ndiye sisi. Kompyuta inatufikia hapa Mbale au Jinja ikiwa imeshazeeka kwa wenzetu.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kufunga kompyuta duniani, hata za hospitali za Uingereza. Microsoft ikatoa haraka kiraka cha XP, miaka mitatu baada ya kuiacha. Kumbe uwezo ulikuwepo! Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Kompyuta nyingi zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7, ambayo bado ilikuwa inahudumiwa, na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Watu hawakukiweka. Sisi tunaozima apdeti ili zisimalize MB, tunaelewa vizuri ilikuwaje.

Kwa mkimbizi, hii kitu si ndogo. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zake na kufikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na familia zao kwa sababu ya vita. Seva hizo hazikuwa za XP, lakini mlango ulikuwa uleule: tundu ambalo halijawekewa kiraka. Mfumo ulioachwa una matundu ambayo hayatazibwa tena.

Basi huduma iishe lini? Kwa simu na tableti, Umoja wa Ulaya umejibu. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria yake inataka apdeti ziendelee angalau miaka 5, na hesabu inaanza pale kampuni inapoacha kuingiza sokoni simu ya mwisho ya aina hiyo. Mimi naona hiyo ndiyo hesabu ya haki, na kompyuta zingefuata hivyohivyo. Inamkumbuka mnunuzi wa mwisho, na inamwachia muda kidogo yule wa mkono wa pili.

Historia imejirudia tayari. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaojiandikisha wanapata viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi za zamani, hata kama bado zinafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kutuletea kompyuta, angalieni mfumo wake unaisha lini. Kama tarehe imepita na Windows 11 haikubali, wekeni Linux inayohudumiwa, ni ya bure. Na sisi vijana, tukipewa kompyuta tusione aibu kuuliza: hii itapata viraka mpaka lini?