Siku Ndefu ya Lukenya

Vijana wa Kibera na Kawangware wakisikia kwamba tutashinda kutwa nzima mwambani, njia baada ya njia mpaka jua lizame, huniuliza nani aliyeanzisha mambo haya. Huwajibu kwa historia, maana jibu liko hapa hapa Kenya, na shuleni wengi wetu hatukuambiwa.

Huanza na mwaka 1899. Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa milima ya Alpi. Hayo yamo vitabuni. Msafara wa Mackinder ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2 wa kuonyesha njia. Pigeni hesabu: nyuma ya kila Mzungu mmoja walikuwapo zaidi ya watu 27, wengi wao na mzigo kichwani au mgongoni. Vilele vilipewa majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimasai: Mbatian, Nelieng na Lenana. Waliobeba hawakupewa hata kijiwe. Mimi ni mjukuu wa askari Mnubi wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, nimezaliwa Makina, Kibera, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliitenga rasmi mwaka 1918 kwa ajili ya watu wetu, na najua namna historia inavyoweza kukumbuka afisa ikamsahau aliyebeba bunduki yake.

Miaka thelathini baada ya Mackinder, Januari 1929, Eric Shipton na Wyn Harris wakakipanda kilele cha Nelion. Baadaye wapandaji wakajiunga katika Mountain Club of Kenya, ambayo kwa miaka mingi jengo lake lilikuwa katika Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ukitoka Silanga, Kibera, ukapita bwawa la Nairobi na kuvuka Barabara ya Lang'ata, umefika Wilson kwa miguu. Hata hivyo, nilipokuwa mdogo tulizijua ndege za pale kwa mlio wake, na hatukujua kwamba jirani yake watu walikuwa wakikutana jioni kupanga safari za mwambani.

Jina la kwanza ninalotaka kila kijana alijue ni Kisoi Munyao. Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, ndiye aliyepeleka bendera mpya mlimani na kuipandisha katika kilele cha Lenana, mita 4,985. Huyo angalau anatajwa siku za sikukuu. La pili halitajwi kabisa: Thumbi Mathenge. Oktoba 1973, yeye na Phil Snyder, aliyekuwa mkuu wa hifadhi ya Mlima Kenya, walikuwa wa kwanza kuupanda mkondo wa barafu unaoitwa Diamond Couloir, unaoshuka katikati ya Batian na Nelion. Njia hiyo ilikuja kusifiwa duniani kote, na mabingwa wakatoka ng'ambo kuijaribu. Mkenya alikuwa mmoja wa wawili walioifungua! Leo barafu ya pale imeyeyuka sana, na miaka mingi njia ile haipandiki. Kwa hiyo Mathenge alipanda kitu ambacho kijana wa leo huenda asikipate tena. Jina lake lilistahili kuwa katika vitabu vya darasa la saba.

Sasa nifikie jambo la kupanda mara nyingi. Mwaka 1970 mpandaji mmoja wa Nairobi, Ian Howell, aliamua kujenga kibanda juu kabisa ya Nelion, mita 5,188, ili anayekwama usiku pale apate pa kujisitiri. Mabati na vifaa vingine vilidondoshwa kutoka angani juu ya barafu ya Lewis. Kutoka hapo hapakuwa na ujanja: alivibeba mgongoni akipanda mwamba peke yake, akashuka, akapanda tena, mara 13. Kibanda kile bado kinaitwa kwa jina lake. Huko Marekani, mwaka 1986, Peter Croft na John Bachar walipanda kuta mbili kubwa za Yosemite, El Capitan na Half Dome, kwa siku moja, na sifa zao zikaenea. Wanastahili. Lakini kwangu safari za Howell zina uzito zaidi, kwa sababu kila moja ilikuwa na mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa wa kumfaa mtu asiyemjua.

Maana ya kupanda na mzigo, waulize watu wa Kawangware. Magorofa ya Kileleshwa na Lavington yamejengwa na watu wanaotoka mitaa ya Gatina na Kongo alfajiri kwa miguu. Nimefanya kazi hiyo ya mjengo. Karai la zege linapanda ngazi za mbao kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna anayeandika umepanda mara ngapi. Kijana aliyelelewa na mama au baba wa kazi hiyo hahitaji kufundishwa maana ya kupanda tena ukiwa umechoka. Anachohitaji kufundishwa ni kamba.

Ndiyo maana tunaenda Lukenya, ng'ambo ya Athi River kwenye Barabara ya Mombasa. Chini ya miamba ile wataalamu wamefukua zana za mawe na mabaki ya watu walioishi pale maelfu ya miaka iliyopita. Wapandaji wa Nairobi wameifanya shule yao kwa miongo mingi. Tunatoka na matatu namba 46 ya Kawangware kungali giza, tunabadilisha mjini, tunamalizia kwa mguu. Njia rahisi zinakuja kwanza ili vidole vipate moto. Ngumu zinafuata kabla jua halijakaza. Mchana tunafuata kivuli. Nyuki wakisikika, tunahama upande ule bila mjadala. Chapati na maji ya kutosha, basi. Wawili wawili hupokezana, mmoja akipanda, mwenzake akishika kamba.

Alasiri ndipo siku inapokuwa ndefu kweli. Ngozi ya vidole imelika, mikono haikunjiki vizuri, na fundo la umbo la nane ambalo asubuhi ulilifunga umefumba macho sasa linataka kukaguliwa mara mbili. Uchovu huua kupitia fundo. Hapo nazuia mizaha yote. Aliyepanda njia chache na kukagua fundo la mwenzake kila mara amenifurahisha kuliko aliyepanda nyingi akisahau.

Nina ombi kwa wenye uwezo, hasa mnaopanda na mnaotaka kuwasaidia vijana hawa. Msitupatie kamba mlizoziacha kwa sababu zimezeeka. Nailoni huchoka hata ikiwekwa kabatini, na kamba isiyokufaa wewe haimfai mtoto wa Gatwekera, Kibera. Leteni kamba mpya hata moja, kofia ngumu, na nauli ya kutufikisha Lukenya na kuturudisha. Na mkija, mje mshike kamba upande wa pili.