Jaji wa Kesi Yako Anachaguliwa Aje, na Unaweza Kumkataa?

Kama uko Kibich ama Kawangware, hii story ya korti haiko mbali na wewe. Maandamano yakiisha, vijana wanabebwa kwa lori, wanalala seli, na kesho yake wako kizimbani. Katiba, Kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Ukishafika hapo, swali la kwanza kwa kichwa ya kila msee ni moja: huyu anayenisikiza ni nani, na ametumwa na nani?

Washukiwa wa mauaji ya Albert Ojwang, aliyefariki akiwa seli ya polisi ya Central Juni 2025, walifikishwa Mahakama Kuu ya Kibera. Kwa hivyo kesi nzito za siasa na polisi si za Milimani peke yake. Cheki vile mambo hupangwa.

Nani hupanga?

Kuna ngazi mbili za kujua. Hakimu husikiza kesi nyingi za kawaida, hata wizi wa mabavu. Jaji wa Mahakama Kuu husikiza mauaji, rufaa kutoka kwa mahakimu, na maswali ya Katiba.

Mshtakiwa hachagui, na kiongozi wa mashtaka pia hafai kuchagua. Faili ikifika kituoni, mkuu wa korti hiyo ndiye anaigawa. Kwa Mahakama Kuu, jaji msimamizi anagawia wenzake. Swali la Katiba likiwa zito sana, Kifungu cha 165(4) kinasema lisikizwe na majaji watatu ama zaidi, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na Jaji Mkuu ndiye anawateua.

Hicho kipengele kidogo kilileta noma Oktoba 2024. Rigathi Gachagua alipong'olewa kwa kiti cha Naibu Rais, majaji watatu wa kusikiza malalamishi yake waliteuliwa na Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu. Mawakili wa Gachagua walisema hiyo kazi ni ya Jaji Mkuu Martha Koome, wakaomba pia majaji hao wajiondoe. Majaji wakakataa kutoka. Mei 2025, Mahakama ya Rufaa ikaamua Mwilu hakuwa na mamlaka ya kuwateua. Haikuwa kesi ya jinai, lakini ilionyesha kwamba kalamu inayoandika majina ya majaji inapiganiwa kama uamuzi wenyewe.

Kwa nini watu huogopa hiyo kalamu

Rudi 1952. Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walipelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi. Serikali ya mkoloni ikamtafuta Ransley Thacker, jaji aliyekuwa ameshastaafu, ikamrudisha kazini kusikiza kesi hiyo moja. Wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000. Aprili 1953 akawafunga miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka wa 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, akaapa kwamba alikuwa amedanganya. Serikali ikimchagua mtu wa kusikiza kesi yako peke yako, jua hapo kuna kitu.

Kujiondoa ni nini?

Ni jaji ama hakimu kuachia faili mwenzake. Anaweza kuifanya mwenyewe, ama baada ya kuombwa. Kanuni za maadili za mahakama za 2020 zinataja sababu zenyewe: kama yeye ni mhusika ama shahidi, kama aliwahi kuwa wakili kwa jambo hilo, kama yeye ama familia yake wana pesa ndani, ama kama ana chuki au upendeleo kwa mtu.

Kipimo si vile wewe unahisi. Mahakama ya Juu, kwa kesi ya familia ya Rai mwaka wa 2013, iliangalia macho ya mtu mwingine: raia mwenye akili timamu, anayejua ukweli wote wa kesi. Huyo akiona kuna hatari ya kweli ya upendeleo, jaji atoke. Kunyimwa bondi ama kutolewa uamuzi uliokuuma, hiyo peke yake haitoshi. Jaji pia ana wajibu wa kukaa na kufanya kazi. Kama kila mshtakiwa angefukuza majaji hadi ampate wa roho yake, hakuna kesi ingeisha.

Vile ilienda kwa majirani

Mfano safi wa jinai na siasa uko Tanzania. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021 na kushtakiwa ugaidi pamoja na wenzake watatu. Septemba, washtakiwa walimwambia Jaji Elinaza Luvanda hawana imani naye. Akajiondoa. Akaja Mustapha Siyani. Oktoba, Rais akamteua Siyani kuwa Jaji Kiongozi. Akamaliza uamuzi mdogo uliokuwa mezani, naye akaachia faili. Wa tatu akawa Joachim Tiganga, ambaye Februari 2022 alisema washtakiwa wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi 2022, upande wa mashtaka ukaiondoa kesi.

Hesabu hapo. Majaji watatu kwa miezi michache, na Mbowe muda huo wote yuko ndani. Kumkataa jaji ni haki, lakini muda unaopotea ukiwa rumande hakuna mtu atakurudishia.

Jaji akibadilika katikati

Hii ndiyo wengi hawajui. Hakimu akihamishwa ama akijiondoa kesi ikiwa nusu, kifungu cha 200 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamlazimu anayeingia akueleze kwamba unaweza kudai mashahidi waitwe upya. Mahakama Kuu pia inafuata hiyo. Fikiria kabla ya kujibu. Shahidi aliyechanganyikiwa mara ya kwanza anaweza kurudi amejipanga.

Saa zingine jaji hupanda cheo na bado anamaliza kazi. Jessie Lessit alikuwa ameshaenda Mahakama ya Rufaa alipotoa hukumu ya mauaji ya wakili Willie Kimani, Julai 2022. Mauaji yenyewe yalitokea Juni 2016. Polisi watatu na raia mmoja walipatikana na hatia.

Ukiwa wewe kizimbani

Sema mapema. Ukikaa kimya ukingoja uone kama hakimu atakupendelea, halafu uruke baadaye, hutasikizwa.

Leta ukweli, si kelele: jina, tarehe, uhusiano, maneno aliyotamka. Andika kwa hati ya kiapo kama unaweza. Huna wakili, bado unaweza kuomba kwa mdomo, na uhakikishe imeandikwa kwa rekodi.

Usimtusi. Hiyo ni kesi nyingine juu ya ile uko nayo.

Akikataa kutoka, kuna njia. Kifungu cha 81 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu Mahakama Kuu kuhamisha kesi ya hakimu kama huwezi kupata haki pale ilipo.

Kama ni hongo ama tabia mbaya, peleka lalamiko kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Hiyo haifuti kesi yako, lakini faili ya hakimu nayo inafunguliwa.

Na kama huna doh ya loya, Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema upewe mmoja na serikali ikiwa kumkosa kutaleta dhuluma kubwa. Uliza siku ya kwanza, kabla ya kujibu shtaka.

Tumia base yako hii link. Kuna msee hapo tarehe yake ya kutajwa kwa kesi ni wiki ijayo.