Kijia cha Pembeni

Nilipoanza kazi ya ualimu wilayani Tarime mwaka 1973, mali yangu ya kwanza ya maana ilikuwa baiskeli aina ya Phoenix, iliyotengenezwa China. Siku za mshahara niliiendesha hadi mjini, nikarudi na chaki na madaftari ya shule kwenye keria. Njiani nilipishana na wakulima waliosukuma baiskeli zenye magunia ya kahawa. Barabara ilikuwa ya vumbi na magari yalikuwa machache. Pembeni mwake palikuwa na kijia kilichochongwa na nyayo za watu na magurudumu yetu. Hakuna mhandisi aliyekichora, lakini kila mtu alikifuata.

Lami ilipofika tulishangilia, na ilistahili. Ila kijia kile kilimezwa. Ukipigiwa honi na basi la Sirari, ulibaki kati ya lami na mtaro. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita alikuwa akija shule kwa baiskeli ya baba yake. Asubuhi moja niliita majina, hakuitika, nikamwandika mtoro. Habari za ajali zilinifikia saa nne. Daftari lile la mahudhurio sijalisahau mpaka leo.

Wengine hudhani njia za baiskeli ni anasa ya Wazungu. Uholanzi, mwaka 1971, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na serikali ikazidi kuona umuhimu wa baiskeli. Njia zinazosifiwa leo zilitokana na msiba kama wetu.

Nchini kwetu, barabara ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilianza kutumika mwaka 2016 ikiwa na njia za baiskeli kandoni. Pikipiki na wachuuzi wamezivamia. Kwa hiyo kujenga pekee hakutoshi. Njia huhitaji kingo imara na msimamizi.

Miji ya Tarime na Mugumu inakua. Kutenga nafasi pembeni mwa barabara kabla maduka hayajajengwa ni rahisi kuliko kubomoa baadaye. Wazee wa rika langu wanakumbuka kijia kilipopita. Tuulizwe, tungali hai.