Chati ya Milia na Akiba ya Muda

Fungua mpango kazi wa mradi wowote, wa kisima, wa zahanati au wa madarasa, na mara nyingi utakuta jedwali: shughuli upande wa kushoto, miezi juu, na alama za vema zimetiwa vyumbani. Wengi huliita chati ya Gantt, nao wanakosea. Alama ya vema inatuambia kwamba kazi itakuwapo mwezi wa tatu. Haituambii itaanza tarehe ngapi, itachukua siku ngapi, wala inasubiri kazi gani itangulie.

Chati hiyo ilipewa jina la Henry Gantt (1861–1919), mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi na Frederick Taylor katika viwanda vya chuma. Ilienea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilipohitaji kufuatilia utengenezaji wa silaha na meli. Mhandisi Mpolandi, Karol Adamiecki, alikuwa amebuni mchoro wa namna hiyo tangu 1896, ila maandishi yake yalitoka kwa Kipolandi na Kirusi, na sifa zikamwendea Gantt.

Kwa Kiswahili napendekeza tuiite chati ya milia. Kila shughuli huchorewa mlia uliolala, unaoanzia siku ya kuanza na kukomea siku ya kumaliza. Urefu wa mlia ndio muda wenyewe. Neno ratiba halitoshi, kwani hata orodha ya mitihani ni ratiba. Grafu ya mihimili nayo imeshazoeleka katika hesabu za shule, ambako urefu wa mhimili huonyesha idadi.

Tuchukue nyumba ndogo. Msingi na jamvi wiki 3, kuta hadi linta wiki 4, kupaua wiki 2. Kazi hizi hufuatana: huwezi kupaua hewani. Katika zile wiki 3 za mwanzo zimo siku za kumwagilia zege maji ili likomae, na siku hizo ndizo mafundi wengi huzisahau wanapopanga, kwa sababu hakuna anayeonekana akifanya kazi. Kusubiri nako kuchorewe mlia wake. Wakati huohuo seremala anatengeneza milango na madirisha kwa wiki 5 karakanani kwake, bila kumngoja mtu. Mlia wake unaanza siku moja na ule wa msingi.

Milango itahitajika nyumba ikishapauliwa, yaani mwisho wa wiki ya 9. Itakuwa tayari mwisho wa wiki ya 5. Wiki 4 zilizobaki kati ya hapo ndizo naziita akiba ya muda: kiasi ambacho kazi inaweza kuchelewa bila kuichelewesha nyumba nzima. Seremala akichelewa wiki 3, hakuna kilichoharibika. Akichelewa wiki 5, nyumba imechelewa wiki 1. Mpauaji hana akiba hata ya siku moja. Akichelewa siku 2, zote zinahesabika.

Msingi, kuta na paa, kazi tatu zisizo na akiba, ndizo zinazoamua nyumba itakwisha lini. Mlolongo wa namna hiyo ulitafutiwa hesabu yake mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont pamoja na James Kelley wa Remington Rand. Wapo wanaouita njia hatarishi, na jina hilo linapotosha, kwani msomaji hudhani ni kazi zenye ajali. Kinachoutofautisha mlolongo huu ni kwamba ndio mrefu kuliko yote na hauna nafasi ya kuteleza. Njia isiyo na akiba ni jina refu kidogo, lakini hata anayelisikia kwa mara ya kwanza analielewa, na kwangu hilo lina uzito kuliko ufupi.

Milia peke yake haionyeshi kazi ipi inategemea ipi. Lazima uongeze mishale kutoka mwisho wa mlia mmoja hadi mwanzo wa mwingine. Kwa hiyo, wewe unayeandaa mpango kazi wa kamati ya shule au wa mradi wa maji, achana na alama za vema. Chora milia, tia mishale, na pembeni ya kila shughuli andika akiba yake kwa siku, ili wanakamati wajue ni fundi yupi wa kufuatiliwa kila asubuhi.