Corona ilivyoanika kasoro za malipo ya waliopoteza ajira Marekani

MFUMO wa Marekani wa kuwalipa watu waliopoteza kazi ulikuwa umedumu kwa karibu miaka 85 wakati virusi vya corona vilipofunga maduka, hoteli na viwanda vya taifa hilo mnamo Machi 2020. Katika muda wa majuma mawili tu, ulizidiwa.

Chimbuko la mfumo huo ni sheria ya hifadhi ya jamii iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt mnamo Agosti 14, 1935. Serikali kuu huweka masharti ya msingi na kugharamia usimamizi. Kila jimbo nalo huwatoza waajiri ushuru, huamua ni nani anayestahili, atalipwa kiasi gani na kwa majuma mangapi.

Kwa hivyo fedha hizo si sadaka. Ni bima iliyolipiwa kwa ajili ya mfanyakazi, na hupewa anayeachishwa kazi bila kosa lake.

Hata hivyo, uhuru wa majimbo umezaa tofauti kubwa. Mwaka wa 2020, mengi yao yalilipa kwa muda wa hadi majuma 26, lakini Florida ilikomea majuma 12, tena kwa kiwango kisichozidi dola 275 kwa juma.

Katika juma lililokamilika Machi 21, 2020, watu wapatao milioni 3.3 waliwasilisha maombi. Juma lililofuata walizidi milioni 6. Rekodi ya awali, iliyowekwa mnamo 1982, ilikuwa maombi 695,000 pekee.

Bunge la Congress lilichukua hatua upesi. Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump mnamo Machi 27, 2020 iliongeza dola 600 kwa juma juu ya malipo ya jimbo hadi mwisho wa Julai mwaka huo. Isitoshe, iliwafungulia mlango watu ambao bima ya kawaida haikuwatambua: madereva wa teksi za mitandaoni, vinyozi waliojiajiri na vibarua wa mikataba mifupi.

Dola hizo 600 zilikuwa sawa kwa kila mtu kwa sababu ya ajabu kidogo. Kompyuta za majimbo mengi zilikuwa kuukuu kiasi kwamba zisingeweza kukokotoa kwa haraka sehemu ya mshahara ambayo kila mmoja alikuwa amepoteza. Matokeo yake ni kuwa wengi waliokuwa na mishahara duni walilipwa zaidi ya walivyopata kazini, jambo lililozua mjadala mkali.

Kustahili kulipwa ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Hapo ndipo wengi walipokwama.

Gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alilazimika mnamo Aprili 2020 kuomba msaada wa wataalamu wa kujitolea wanaoifahamu COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mnamo 1959 na ambayo mitambo ya jimbo lake bado iliitegemea.

Florida haikuwa na kisingizio cha uzee. Mtambo wake ulizinduliwa mnamo 2013 kwa gharama ya takriban dola milioni 77, lakini ulikwama mara kwa mara. Serikali ilipoamua kutoa fomu za karatasi, umati ulifurika katika mji wa Hialeah kuzipokea, watu wakisongamana wakati ambapo waliagizwa wakae mbalimbali.

Baadhi ya marekebisho yalikuwa mepesi na hayakuhitaji mtambo mpya. Minnesota iliwapangia waombaji siku kulingana na tarakimu ya mwisho ya nambari yao ya hifadhi ya jamii, nayo New York ikatumia herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Majimbo mengi yaliondoa juma la kwanza la kungoja bila malipo, na yakaacha kwa muda kumtaka mwombaji athibitishe kuwa anatafuta kazi. Ni kazi gani ingetafutwa ilhali milango yote imefungwa?

New York vilevile iliunganisha fomu. Awali, aliyejiajiri alitakiwa kuomba bima ya kawaida, akataliwe, kisha ndipo aombe msaada wa dharura.

Lugha nayo ilikuwa kizingiti. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 huzilazimu ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vyema, lakini tafsiri nyingi zilikomea Kihispania. Katika Maine, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaishi Portland na Lewiston, jimbo lilishirikiana baadaye na mashirika ya kijamii yaliyotoa watu wa kuwaelekeza waombaji hatua kwa hatua. Wahamiaji, wakiwemo Wakenya, hustahili bima hiyo mradi wawe na kibali halali cha kufanya kazi.

Ulaghai ulivuruga mambo zaidi. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ilikadiria mnamo 2023 kwamba kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135 ziliporwa. California ilisitisha kupokea maombi mapya kwa majuma mawili kuanzia Septemba 2020 ili kuweka utaratibu wa kuthibitisha utambulisho kwa simu. Wezi wengi walizuiwa, lakini pia wazee na watu wasio na simu nzuri walijikuta nje. Kwa ajili yao, majimbo kadhaa yaliruhusu baadaye vitambulisho vikaguliwe katika ofisi za posta.

Msaada wa dharura ulikoma Septemba 6, 2021, ingawa takriban nusu ya majimbo yalikuwa yamejiondoa mapema. Mwaka huo Congress ilikuwa imetenga dola bilioni 2 za kuimarisha mitambo, kuzuia ulaghai na kurahisisha maombi. Nusu yake ilifutwa mnamo 2023.

Baadhi ya walionufaika walipokea barua za kudai warejeshe pesa walizolipwa kimakosa. Sheria ya Desemba 2020 iliyaruhusu majimbo kuwasamehe wasio na hatia waliopokea msaada wa dharura, lakini haikuyalazimisha. Hivyo, majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa jimbo wangeweza kutendewa tofauti kabisa kwa kosa lile lile la karani.