Paxtu: Nyumba ya Mchoraji Chini ya Mlima Kenya

Katika uwanja wa Hoteli ya Outspan mjini Nyeri ipo nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Wageni wengi huijia kwa sababu aliyeijenga, Robert Baden-Powell, ndiye mwanzilishi wa Maskauti. Lakini kwa jinsi ilivyokaa, baraza lake likiuelekea Mlima Kenya, ni nyumba ya mtu aliyeishi kwa kutazama na kuchora.

Outspan ilifunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell. Ndiye pia aliyejenga Treetops mwaka 1932, hoteli iliyokaa juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Baden-Powell alipomtembelea Walker miaka hiyo ya 1930, Nyeri ilimkaa moyoni. Alipenda kusema kwamba kadiri mtu anavyoukaribia mji huo ndivyo anavyoikaribia raha. Akagharimia nyumba ijengwe hapo hapo hotelini, akaipa jina linalokumbusha Pax Hill, makazi ya familia yake Uingereza. Mwishoni mwa muongo huo yeye na mkewe Olave wakahamia.

Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walimtaka apumzike. Mkono haukupumzika. Tangu utotoni alichora kwa kulia na kwa kushoto vilevile, na mwaka 1907 kichwa cha sanamu alichokifinyanga kilionyeshwa Royal Academy, London. Nyeri alichora ndege, wanyama na mandhari ya Kenya, na michoro hiyo ikaingia katika vitabu vyake vya mwisho, kikiwemo More Sketches of Kenya cha mwaka 1940. Alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro. Majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yalizikwa kaburini humo humo.

Baadaye nyumba ikampata mtazamaji mwingine wa porini. Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India, alihamia Kenya mwaka 1947 na kukaa Paxtu na dada yake Maggie. Februari 1952 alikuwa Treetops usiku ule Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipogeuka kuwa malkia pasipo kujua, baba yake akiwa amefariki Uingereza. Kisa hicho alikiandika katika kitabu chake cha mwisho, Tree Tops. Alifariki mwaka 1955, naye akazikwa Mtakatifu Petro.

Historia hii haikamiliki bila ya wenyeji. Raha ya Baden-Powell ilistawi katika koloni lililowanyang'anya Wakikuyu sehemu kubwa ya ardhi yao. Corbett alipokuwa akiandika hapo Paxtu, vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni vilikuwa msituni; Treetops ilichomwa moto mwaka 1954, na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alihukumiwa kifo katika mahakama ya Nyeri mwaka 1956.

Leo Paxtu ni makumbusho madogo, yenye skafu na beji zilizoachwa na maskauti kutoka pembe zote za dunia. Kila Februari, siku ya kuzaliwa kwa mwanzilishi wao ikifika, maskauti wa Kenya hukusanyika kaburini kwake. Wakipitia Paxtu, wapewe karatasi na penseli: wauchore mlima kutoka baraza lile, kisha wasimuliwe pia ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya nani.